Ameacha Mjane Mmoja

Kwenye msiba wa babu yangu, Mpwapwa, nilipewa kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kukaa chini ya mwembe na daftari la rambirambi, kuandika jina la kila mtu na kiasi alichotoa. Ya pili ilikuwa kuandika wasifu wa marehemu na kuusoma kabla ya mahubiri. Hii ya pili nilipewa kwa sababu nasoma shahada ya umahiri ya Kiswahili, na ndugu zangu wanaamini kwamba mtu anayesomea lugha hawezi kushindwa na ukurasa mmoja.

Baba mkubwa alinikalisha nyuma ya nyumba, karibu na zizi la mbuzi, akawa anataja na mimi naandika. Mwaka wa kuzaliwa, kwa kukadiria. Shule, madarasa manne. Kilimo cha mtama na karanga, ufugaji. Ndoa. Ugonjwa ulivyoanza hadi umauti ulipomfika. Tulipofika kwenye familia akasema, "Andika: ameacha mjane mmoja na watoto sita."

Nilisita. Babu alikuwa na wake wawili. Mke mdogo aliishi Chunyu, alikuwa na watoto wanne, na asubuhi ile alikuwa amekaa kwenye mkeka pamoja na akina mama wengine, kanga imemfunika mpaka kwenye paji la uso. Baba mkubwa aliona kalamu imesimama. "Ukisoma wawili, mchungaji atafunga Biblia yake na kuondoka," akasema. "Andika mmoja, mwanangu. Tumzike mzee kwa heshima."

Niliandika mmoja. Nikasoma mmoja, kwenye kipaza sauti, mbele ya watu ambao wote walijua kwamba ni wawili. Wakati nasoma nilimwona baba mdogo, mtoto wa kwanza wa yule bibi wa Chunyu, amesimama nyuma ya turubai na kofia mkononi. Alikuwa amekuja na ng'ombe wa msiba.

Kisha mchungaji akasimama. Alisoma Mathayo 25, pale Mwana wa Adamu anapowatenga mataifa kama mchungaji anavyotenga kondoo na mbuzi. Alisema kifo hakina rufaa. Alisema marehemu aliijua njia, akaamua kugeuka kushoto, na kwamba hapo alipo hatuwezi tena kumsaidia. "Lakini ninyi mlio hai," akasema, "ninyi bado mna nafasi." Wote pale walielewa. Babu alitengwa na meza ya Bwana tangu alipooa mara ya pili, na kwa zaidi ya miaka thelathini alikuwa akienda kanisani, akikaa benchi la mwisho, na kutoka nje wakati wa ushirika. Mjane mmoja tuliyemwandika hakumsaidia kitu.

Jioni, watu walipopungua, bibi mkubwa aliniita nimsogezee kigoda. Akasema, "Yule mchungaji kawasema mbuzi vibaya. Bila mbuzi wewe ungesomea nini?" Akacheka. Halafu akalia.

Makala hii ni uhakiki wa mahubiri yale. Ndivyo nilivyoianza, na nilitaka ibaki hivyo.

*

Binamu yangu alikuwa amerekodi mazishi yote kwa simu. Niliporudi chuoni Dodoma nilimwomba anitumie, nikaandika mahubiri neno kwa neno, kama tunavyofundishwa kufanya na matini simulizi. Sikutaka kuyajibu kwa hasira. Nilitaka kuona yamejengwaje.

Kwanza niseme yaliyo mazuri. Mchungaji yule alikuwa msemaji wa kweli. Alijua kunyamaza mahali panapofaa. Alijua kwamba wasikilizaji wake ni wafugaji, na mfano wa kondoo na mbuzi haukuhitaji maelezo kwao. Alikuja kwa pikipiki kwenye barabara mbaya, na hakukubali hata fedha ya mafuta. Tena hakudanganya kuhusu imani yake. Anaamini hukumu ipo, na mtu anayeamini hivyo akisimama kaburini na kutaja hali ya hewa, huyo ndiye wa kulaumiwa. Siwezi kumlaumu kwa kutisha. Hofu ina nafasi yake katika fasihi ya kifo, na nitaonyesha baadaye kwamba shairi ninalolipenda kuliko yote katika Kiswahili nalo linatisha.

Tatizo nililiona kwenye nafsi. Katika Kiswahili kitenzi hakiwezi kujificha: lazima kionyeshe nani anatenda. Nilipopitia maandishi yangu niliona *a-* ya marehemu, aliyejua, akageuka, akachelewa. Niliona *m-* ya sisi wasikilizaji, mnaofikiri, mnaocheza, mtakaolia. Nafsi ya kwanza ilikuwapo kwenye "nawaambia" na "nasema kweli", basi. *Tu-* ilisikika tulipoimba. Katika mahubiri yote kuhusu siku ambayo kila mwanadamu atasimama mbele ya kiti cha enzi, mtu mmoja tu hakuwa na mahali pa kusimama, naye ni yule aliyekuwa akizungumza. Yeye alikuwa karani wa mahakama, anasoma majina.

Sasa rudini kwenye sura yenyewe aliyoisoma. Mathayo 25 inasimuliwa kwa namna ya ajabu kidogo, na sijui kwa nini haisemwi sana. Makundi yote mawili yanashangaa. Walioko kuume wanaambiwa kwamba walimlisha Mfalme, wakamnywesha, wakamkaribisha, nao wanauliza ni lini walifanya hivyo. Walioko kushoto wanaambiwa hawakufanya, nao wanauliza swali lilelile. Hakuna hata mmoja aliyefika pale akiwa anaijua hukumu yake. Msimulizi angetaka kutufundisha kwamba tunaweza kutambua mbuzi na kondoo kabla ya wakati, angempa walau mtu mmoja uhakika. Hakumpa yeyote.

Hapa Ugogo jambo hilo lina uzito wake. Mbuzi na kondoo huchungwa pamoja, na ukiwatazama kwa mbali wakishuka mlimani katika vumbi la jioni ni vigumu kuwatofautisha. Mtoto hufundishwa kuangalia mkia: wa mbuzi husimama, wa kondoo huning'inia. Anayechunga anajua, wao hawajui. Babu alinifundisha hivyo nikiwa na miaka saba hivi, na nilipokosea alinicheka mpaka machozi yakamtoka. Ukiusoma mfano wa Mathayo ukiwa umewahi kukosea kuhesabu kundi, unaona kwamba kuhesabu ni kazi ya Mchungaji mmoja tu, na kwamba mhubiri naye yumo ndani ya kundi, amesimama katika vumbi kama sisi.

Na mambo yanayoulizwa pale ni chakula, maji, mgeni, nguo, mgonjwa, mfungwa. Sikuiona ndoa kwenye orodha hiyo. Sisemi kwamba ndoa haina maana katika imani ya Kikristo. Kuna sura nyingine zinazoizungumzia, na mchungaji angeweza kuzichagua. Nasema kwamba alichagua sura hii, kisha akaitumia kwa kosa ambalo halimo, akaacha yaliyomo. Angeuliza yaliyomo, watu wangeweza kutoa ushahidi. Walikuwapo wazee waliokula kwa Babu mwaka mtama ulipokauka shambani.

*

Muhula huohuo tulikuwa tunasoma ushairi wa kale wa pwani, na juu ya meza yangu karatasi za mahubiri zililala pamoja na *Al-Inkishafi*. Shairi hili lilitungwa na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mtu wa ukoo wa masharifu wa Pate, katika visiwa vya Lamu. Wengi hukadiria kwamba lilitungwa mwanzoni mwa karne ya 19, wakati Pate, iliyokuwa dola tajiri, imekwisha kuanguka. William Hichens alilichapisha London mwaka 1939, na tangu hapo limesomwa sana vyuoni. Kwa mtu wa bara kama mimi lugha yake ni ngumu. Nilisoma na kamusi pembeni, ubeti mmoja kwa usiku mmoja.

Jina lake ndilo lililonishika kwanza. *Inkishafi* ni Kiarabu: kufunuka, kuondolewa pazia. Kitabu cha mwisho cha Biblia ya Kiswahili kinaitwa Ufunuo, na jina lake la Kigiriki lina maana hiyohiyo ya kuondoa kifuniko. Kwa hiyo Waislamu wa Pate na Wakristo wa Mpwapwa wana matini mbili zenye jina moja, na zote mbili zinahusu mwisho. Tunapolisikia neno ufunuo tunafikiri juu ya mambo yajayo, farasi, baragumu, namba ya mnyama. Sayyid Abdalla anafunua kitu kilicho karibu zaidi. Anausemesha moyo wake mwenyewe.

Shairi zima limejengwa hivyo. Baada ya kumsifu Mungu na Mtume, mshairi anageukia moyo wake na kuuliza kwa nini hauamki, ni hila gani iliyoudanganya. Anaupa mifano: dunia ni bahari inayochafuka, uhai ni taa iliyowekwa penye upepo. Kisha anauchukua moyo huo kama mtu anavyomshika mkono mtoto, anauingiza katika majumba ya Pate. Anaonyesha yalivyokuwa, taa za kioo na za shaba zikifanya usiku kuwa mchana, vyombo vya kaure vimepangwa katika vidaka vya ukutani. Halafu anaonyesha yalivyo: ndege wa mwituni wamelaza makinda katika vidaka hivyo, bundi analia ndani ya nyumba. Wenye nyumba wamo kaburini. Mwishoni anafika motoni, na anazitaja tabaka za moto kwa majina yake. Inatisha kuliko mahubiri yoyote niliyowahi kusikia.

Lakini inatisha kwa namna nyingine. Watu walioanguka ni watu wake, wa tabaka lake. Anayataja majumba yao kwa upendo. Huwezi kukumbuka mwanga wa taa vizuri namna ile kama uliuchukia. Wala hawaiti mbele ya umati ili wawe funzo. Anayetakiwa kujifunza ni mmoja, ni moyo uliomo kifuani mwake, na sisi wasomaji tunasikia tu maongezi ya mtu na nafsi yake. Ndiyo maana tunaingia wenyewe bila kuburutwa. Ukimsikia mtu anajiuliza swali gumu kwa sauti, hukawii kujiuliza nawe.

Nilipoweka matini hizi mbili bega kwa bega nilifurahi, kama mwanafunzi anavyofurahi anapopata hoja. Hofu ni ileile. Msamiati nao unakaribiana sana: hukumu, kiyama, jehanamu, kaburi, toba, rehema, maneno haya makuu ya mahubiri yale yote yana asili ya Kiarabu. Mpwapwa ilikuwa kituo kwenye njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe na Ujiji, na Kiswahili kilikuwa kimekwisha kupita njiani humo wamisionari wa Kianglikana walipofika miaka ya 1870. Kuna hata mtu wa kwetu aliyeonyesha jinsi mikondo hii miwili inavyoweza kukutana kwa amani. Mathias Mnyampala, Mgogo na Mkatoliki aliyezaliwa mwaka 1917, alichukua utenzi, umbo lililokuzwa na washairi Waislamu wa pwani, akaandika kwa umbo hilo *Utenzi wa Enjili Takatifu* na *Utenzi wa Zaburi* katika miaka ya 1960. Hakuna aliyelazimika kuhama dini ili kujifunza kutoka kwa mwenzake. Kwa hiyo hoja yangu ilikuwa kwamba mchungaji wa Mpwapwa anaweza kujifunza kwa sharifu wa Pate jambo moja la ufundi, ambalo pia ni jambo la imani: anayesema juu ya hukumu aanze na kifua chake.

*Al-Inkishafi* nalo lina upungufu. Mtu wa Mpwapwa, ambako misafara ya pembe na ya watumwa ilipiga kambi, hawezi kuingia katika majumba yale yenye mwanga bila kuuliza ni mikono ya nani iliyowasha taa. Shairi linawalilia matajiri. Waliowatumikia hatuwasikii wakililiwa. Hata moyo unaojichunguza hivyo unaweza kupita karibu na mtu bila kumwona. Niliandika sentensi hii katika rasimu ya kwanza nikaendelea mbele, wala haikunishtua.

*

Kabla sijasema kilichonishtua, nizungumze kuhusu mwisho wa dunia, kwa sababu bibi mkubwa ana maoni yake.

Nilipokuwa nyumbani likizo nilimsimulia habari za Pate, mji uliokwisha, ndege katika vidaka. Alisikiliza huku akichambua mlenda. Akasema, "Hapa napo dunia iliwahi kwisha." Alikuwa anazungumzia Mtunya.

Mtunya ni njaa ya 1917 hadi 1920. Wanahistoria wameiandika, Gregory Maddox miongoni mwao, na sababu zake zinajulikana. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipita juu ya Ugogo. Wajerumani walichukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo, kisha Waingereza wakaja wakafanya vivyo hivyo, na mvua ikakosekana. Halafu ikaja homa kali ya mafua iliyoenea duniani kote mwaka 1918. Watu walikufa kwa maelfu, wengine wakatawanyika. Wagogo hutaja njaa kwa majina kama watu wengine wanavyotaja watawala, na jina hili ndilo zito kuliko yote. Mnyampala alizaliwa mwaka ileile njaa ilipoanza.

Mama yake Bibi alikuwa mtoto wakati wa Mtunya. Alimwambia Bibi jambo moja ambalo Bibi aliniambia siku ile: waliopona hawakuulizana walikula nini wala walimwacha nani njiani. Mtu alirudi, akapokewa, akapewa jembe.

Nimelifikiria hilo sana. Katika mahubiri mengi ya siku hizi, kwenye redio na kwenye stendi, kiyama kipo mbele, na habari zake zinatoka mbali: vita vya nchi fulani, tetemeko la mahali fulani. Msikilizaji anakaa kama mtu anayesubiri basi. Lakini Sayyid Abdalla hakulazimika kutazama mbele ili aone mwisho. Aliuona akitembea kati ya kuta za mji wake. Mama yake Bibi naye aliuona, akaendelea kuishi baada yake miaka mingi. Na watu hawa waliouona mwisho kwa macho hawakuwa wepesi wa kusema nani alistahili. Katika Mtunya hakuna aliyepona akiwa safi, na wote walijua. Nadhani ndiyo sababu hawakuulizana. Walikuwa na *tu-* ambayo mahubiri ya kaburini hayakuwa nayo.

*

Rasimu ya makala hii ilikuwa inaishia hapo. Nilimpa msimamizi wangu aisome. Alinirudishia na swali moja, limeandikwa kwa kalamu pembeni mwa aya inayohusu nafsi ya kwanza: "Na wasifu uliousoma wewe, umeuchambua?"

Sikuwa nimeuchambua. Nilikuwa nimeutaja mwanzoni kama kisa cha kuchekesha kidogo, cha kuonyesha jinsi familia inavyoogopa kanisa. Nikautafuta ule ukurasa. Ulikuwa bado umekunjwa ndani ya daftari la rambirambi.

Wasifu wa marehemu ni utanzu, ingawa sijauona katika orodha ya tanzu tunazofundishwa. Una kanuni zake. Huanza na kuzaliwa, huishia na "Bwana alitoa na Bwana ametwaa". Una sauti yake: hakuna *ni-* ndani yake, msomaji hajitaji. Na una kazi yake ya kihukumu, kama mahubiri. Mahubiri hutia hatiani; wasifu huachia huru. Na njia yake ya kuachia huru ni kuacha mambo nje. Mlevi huwa "mcheshi". Mkali huwa "mpenda nidhamu". Tunafanya hivyo kwa huruma na kwa aibu, na mara nyingi hakuna anayeumia.

Lakini katika ukurasa wangu sikuacha nje kosa la Babu. Niliacha nje mtu. Mjane wa pili alikuwa amekaa hatua kumi kutoka kwenye kipaza sauti. Watoto wake wanne walikuwa pale, mmoja wao kofia mkononi. Nilisema kwa sauti, mbele ya kaburi lililo wazi, kwamba hawapo. Mchungaji alimweka marehemu mmoja mkono wa kushoto, na marehemu hasikii. Mimi niliwatoa nje ya kundi walio hai watano, na wote walisikia.

Nikakumbuka ile sentensi yangu kuhusu *Al-Inkishafi*, kwamba moyo unaojichunguza unaweza kupita karibu na mtu bila kumwona. Niliitoa kama hukumu juu ya mshairi.

Nilijaribu kujitetea kwa Mtunya. Nilijiambia, si waliopona walinyamaza? Basi na mimi nilinyamaza. Utetezi huo haukusimama. Wao walinyamaza ili mtu aweze kurudi nyumbani. Mimi nilinyamaza ili sisi tuonekane vizuri, na gharama nikamtoza mwanamke ambaye hakuulizwa. Wala hakukuwa na siri. Wilaya nzima ilijua.

Kuna neno moja ambalo mimi na mchungaji tulilitamka mara nyingi siku ile, kila mmoja kwenye zamu yake. Neno hilo ni *marehemu*. Tunalitumia kana kwamba maana yake ni mtu aliyekufa tu. Lakini shina lake ni lile la rehema: marehemu ni aliyerehemiwa. Walioleta neno hili katika Kiswahili walikuwa wakimwombea mtu kila walipomtaja. Mchungaji alisema "marehemu aligeuka kushoto", na katika neno la kwanza la sentensi alikuwa amekwisha kumwombea yule aliyekuwa anamhukumu katika maneno mawili yaliyofuata. Hakusikia. Nami niliandika "wasifu wa marehemu" juu ya ukurasa, kwa herufi kubwa, nikapiga mstari chini yake, kisha nikaanza kutafuta namna ya kumfanya Babu astahili rehema ambayo kichwa cha habari kilikuwa kimekwisha kumpa. Sikusikia vilevile.

*

Mwezi uliopita familia ilikubaliana kujengea kaburi. Utaratibu wetu ni kwamba siku hiyo wasifu husomwa tena, kwa ufupi, na ibada ndogo hufanyika. Nilimwomba Baba mkubwa ruhusa ya kuuandika upya. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Nenda Chunyu kwanza. Usiandike tena habari za mtu bila kumuuliza."

Nilikwenda kwa bodaboda. Bibi mdogo alikuwa nje anaanika ubuyu. Nilimpa salamu ya Kigogo, mbukwenyi, akaitikia bila kuinua uso, halafu akainua. Nilimsalimia tena kwa Kiswahili, shikamoo Bibi, akasema marahaba, kaa.

Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba radhi. Nilipoanza alinikatiza. "Umekuja na karatasi?"

Nikasema ndiyo.

"Basi soma."

Nikasoma. Mwaka wa kuzaliwa, madarasa manne, mtama na karanga. Ameacha wajane wawili na watoto kumi. Nilisoma majina yote kumi. Baba mdogo alikuwa amekuja kusimama mlangoni. Nilipomaliza Bibi mdogo alikuwa ananitazama mikono, sijui kwa nini, labda ilikuwa inatetemeka.

"Kumi na mmoja," akasema. "Alikuwapo wa kwanza kabisa, wa kike. Hakumaliza mwezi. Babu yako ndiye aliyemchimbia kaburi, pale nyuma, peke yake, kwa sababu kanisa halikuja."

Niliuliza jina. Akanitajia. Niliandika palepale juu ya goti langu: *Marehemu alijaliwa watoto kumi na mmoja. Mmoja ametangulia mbele ya haki.* Nikamsomea. Akasema ndivyo, akarudi kwenye ubuyu wake.

Sijui mchungaji atasema nini siku ya kujengea kaburi. Tumemwalika yuleyule, na amesema atakuja. Wasifu utasomwa kabla ya mahubiri, kama kawaida, na baada ya majina nimeongeza sentensi moja yenye *ni-* ndani yake, ingawa kanuni za utanzu huo haziruhusu. Inasema kwamba mara ya kwanza mimi ndiye niliyeandika mjane mmoja.